Chupa Iliyonyamazisha Njaa

Amefariki dada mmoja wa hapa Sumbawanga, mtafiti wa mimea, na mtaani tayari nasikia wanasema alikuwa mbishi. Ndiyo, alikuwa mbishi! Na ubishi huo ndio ninaousifu leo.

Miaka ile soko huria lilipoingia, kila kitu kilitiwa kwenye chupa. Mfanyabiashara mmoja akachemsha mzizi ambao wazee wetu wa Ufipa walitafuna walipolima matuta mbali na nyumbani, akauita dawa ya nguvu kwa wagonjwa. Mama akamnunulia mdogo wangu, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu hospitalini na amebaki mifupa mitupu. Akanywa, akatulia, akaacha kabisa kulalamika njaa. Mama akamshukuru Mungu. Kumbe hata uji alikuwa haugusi.

Dada huyu alikuwa ameuchunguza mzizi uleule maabarani. Aliposikia habari zetu alifika nyumbani, akamwamkia mama shikamoo, kisha akamweleza taratibu. Tumbo likiwa tupu hutuma homoni ya njaa, nayo hubisha hodi kwenye vipokezi, yaani milango ya chembe za mwili. Maji ya mzizi huwa yamekwisha kukaa mlangoni, kwa hiyo hodi haisikiki. Mwili unakufa njaa na mwenyewe hana habari. Mama akaimwaga chupa nyuma ya nyumba.

Dada hakuishia hapo. Alikwenda sokoni kuyasema hayohayo hadharani. Mfanyabiashara akang'aka kwamba msomi anatukana dawa za mababu, na watu wakamzomea dada, wengine wakiwa ndugu zake wa damu. Hakushusha sauti.

"Mababu walitafuna wakiwa wazima, na jioni walirudi kula. Nani kati yao alimpa mgonjwa?"

Chupa ziliendelea kuuzwa. Uhuru wa kuuza tulipewa jamani, lakini uhuru wa kuuliza tukaambiwa ni utovu wa adabu. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Ugonjwa ulipomlaza dada mwenyewe, jamaa walimletea chupa ileile, siku hizi ina lebo ya rangi. Mdogo wangu, anayelima mahindi Kaengesa na ana wajukuu, alikuwepo kumjulia hali. Anasema dada aliisukuma kando.

"Niachieni njaa yangu," alisema. "Nileteeni uji wa ulezi."

Akaunywa kidogo kidogo, akafa siku chache baadaye. Basi, msomaji wangu, ukiambiwa dawa ni nzuri kwa kuwa mgonjwa ametulia, uliza kwanza kama amekula. Wakikuita mbishi, uliza tena.