Paa Ambalo Nyanya Alikataa Kuezekewa

Jumanne jioni nilikuwa napika sukuma wiki, hapa kwetu mjini Migori, binti yangu wa kidato cha tatu akanisukumia karatasi yake ya fasihi. Walikuwa wameambiwa wachanganue tabia ya mjane mzee katika riwaya moja ya zamani. Alikuwa amejaza kurasa mbili kueleza jinsi mama yule alivyo mstahimilivu, anayevumilia kuvujiwa kuliko kurithiwa na ndugu wa marehemu mumewe. Chini, kwa wino mwekundu wa mwalimu: "Huyu ni mvivu tu. Paa linavuja miaka saba. Sifuri. Rudia."

Nikampigia mwalimu. Ni mtu wa huku huku ziwani. Akanijibu kwa upole, "Mama, hayo ya kurithi wajane nayajua. Lakini ya nyumbani hayaandikwi shuleni."

Anajua! Hapo ndipo nilipochemka. Sukuma ikaungua, nami nazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Kwa sababu mimi, rafiki yangu, nimelala chini ya paa kama lile. Nililelewa na nyanya upande wa Homa Bay, kwa nyumba ya nyasi. Mvua ikianza, kazi yangu ilikuwa vyombo: karai karibu na mlango, sufuria ya ugali katikati, beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, pembeni. Kila kimoja kilikuwa na sauti yake, na kwa masikio tu nilijua kipi kimejaa. Kitanda nacho tulikihamisha kila msimu, kama mbuzi wa kamba anayesogezwa penye nyasi. Hata leo nikisikia harufu ya omena ikikaangwa, nasikia pia nyasi za paa zikioza.

Mvivu? Alikuwa amepita miaka sabini, na kabla jirani hajafungua mlango, nyanya alikuwa ameshaanika omena na kurudi na kuni. Ila kwa desturi yetu, paa la mjane huezekwa na mwanamume aliyemrithi. Asiporithiwa, hakuna kijana wa kijiji anayethubutu kulipanda paa hilo, hata umpikie kuku.

Kila mwanzo wa mvua, ndugu ya marehemu babu alikuja, akasimama mlangoni, akatazama juu, akakataa uji.

"Shemeji, paa linakulilia."

"Liache lilie. Mimi nilishamaliza."

Akaondoka. Kule mtoni wanawake walimwita nyanya Mama Karai, na siku moja nilirudi nikilia kwa aibu, nikamwuliza kwa nini hakubali tu yaishe. Alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka. "Nyakwara," aliniita hivyo, yaani mjukuu wangu, "maji ya mvua nitayamwaga asubuhi. Mwanamume nitamwaga wapi?"

Hayo ndiyo niliyowahi kumsimulia binti yangu, ndiyo maana alimwelewa mjane wa kitabuni.

Nyumba ile ilianguka yenyewe baada ya mazishi ya nyanya. Sasa pale kuna mahindi ya watoto wa yule shemeji yake, yamestawi kweli. Mimi nina mabati, na mvua ikinyesha ni kelele moja tu, huwezi kutenga tone na tone. Haivuji. Bado naangalia juu.

Asubuhi nilipeleka barua shuleni kwa mkono wangu, nikangoja mpaka karani akaipiga muhuri:

KUH: MALALAMISHI JUU YA ALAMA YA FASIHI

Mwalimu Mkuu, kitabu kinasema shemeji wa mjane alikuja mara tatu, na mara tatu akaondoka bila kula. Hakisemi kwa nini. Binti yangu ameeleza, na mwalimu wake amekiri kwangu kwa simu kwamba sababu hiyo anaijua. Naomba karatasi isahihishwe upya na mwalimu mwingine. Kazi nyingine yoyote mtakayompa ataifanya. Kuandika kwamba mama yule ni mvivu, hataandika.