Msindikizaji wa Mama Waya

Wagonjwa ndio waliomwita Mama Waya, nasi tukafuata. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya vichwani mwa wazee wanaosahau, kisha kuwasomea maneno kumi huku mashine ikichora mawimbi ya ubongo. Kiatu, ngazi, kengele, sabuni, daraja... Baada ya robo saa anawauliza wanakumbuka mangapi. Miaka ishirini na miwili, maneno yaleyale. Alizoea kutania kwamba yeye hapimiki, majibu anatembea nayo.

Mimi ni karani wa mapokezi, na meza yangu inatazamana na mlango wake. Kwa miaka kumi na saba nilimwona akija wa kwanza, akiondoka wa mwisho, akila peke yake dirishani. Nilidhani ni maringo. Mtu mvivu wa kuuliza hakosi jibu la kujitungia.

Asubuhi moja alitoka na chupa ya gundi ya kubandikia nyaya mkononi, akaniinamia.

"Mwanangu, baada ya kengele inafuata nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sabuni, Mama," nikasema. Orodha nzima nilishaishika kwa kuisikia ikipenya mlangoni.

Wiki iliyofuata alirudi mezani kwangu. Katika kitengo chetu hapimwi mtu bila msindikizaji anayemfahamu. Yeye mwenyewe alikuwa amewarudisha wazee wengi kwa sababu hiyo. "Nisindikize," akaniambia. "Sina mwingine." Nilikubali harakaharaka, nikijiona mwema kweli.

Daktari, binti aliyejifunzia mashine kwake, akambandika nyaya na kumsomea. Baada ya robo saa Mama Waya alikumbuka maneno manne. Manne! Nilitamani kumnong'oneza yaliyobaki.

"Mawimbi yamepungua kasi, Mama," daktari akasema, akigeuza kioo cha kompyuta. "Lakini ona hapa. Ukijaribu kukumbuka, sehemu nyingi zinaamka kwa pamoja. Kijana angetumia chache tu. Ubongo ukizeeka, mara nyingi unaita majirani wausaidie."

"Basi wenyewe una majirani wengi kuliko mimi."

Tulicheka, halafu kila mtu akakosa pa kutazama.

Daktari akanipa fomu. Majibu yangu, akaeleza, ndiyo yangemsaidia kuamua kama Mama anaweza kuendelea kuishi peke yake nyumbani kwake. Mama Waya alikaza mikono juu ya mkoba. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani.

Je, husahau jiko likiwaka? Hupotea njia ya nyumbani? Analala vizuri? Nani humtembelea? Maswali kumi na moja. Nilisoma la kwanza hadi la mwisho, nikarudi la kwanza. Sikujua hata anaishi mtaa gani. Kichwa changu ni kizima, hakina wimbi lililolegea, na ndani yake, kumhusu Mama, mlikuwa na maneno yale kumi, basi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kalamu ikaanza kuandika "hapana, hasahau jiko." Akaushika mkono wangu.

"Usinidanganyie, mwanangu. Nimezisoma fomu hizi miaka yote. Kama hujui, andika hujui."

"Watakuhamisha nyumbani kwako, Mama. Watakutoa."

"Andika."

Nikaandika "sijui" mara kumi na moja. Alinisubiri nimalize, akakunja fomu vizuri, akamkabidhi daktari. Kisha akanigeukia.

"Asante kwa kunisindikiza," akasema.