Kaka Hakupenda Kura

Hospitali ilipopiga simu kwamba kaka amefariki, nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta yake. Yeye na wenzake wa nchi nyingi walitengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakiutoa bure. Wakitofautiana, hakupenda waamue kwa kura. Hoja ya mpinzani aliiandika upya kwa vidole viwili, taratibu, mpaka mwenyewe akiri, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema."

Walipotaka mfumo uache kuhudumia kompyuta kuukuu, mwalimu mmoja tu kati yao alikataa.

"Mpuuzeni huyo mbishi," nilimwambia kaka.

"Mdogo wangu, shule yake inazo hizo tu. Hatutoki hapa mpaka naye aridhike."

Baada ya wiki sita walikubaliana kuzihudumia miaka mitatu zaidi.

Kazi ya Mola haina makosa. Tulimzika kaka Ijumaa alasiri. Yule mwalimu alisafiri siku mbili, akabeba jeneza pamoja nasi, akatia udongo.