Mtaalamu wa Kuishi Porini

Juzi hapa Marekani, kwenye basi la mtaa wa South End, mama mmoja Mrundi alikuwa akimsimulia mwenzake. Msimamizi wao wa ghala, Mmarekani, anataka kuuza nyumba ahamie kaunti ya mbali, ajiandae kwa majanga. Jumapili alimpeleka mama akapakague.

“Kisima kipo, kuni tele, umeme hakuna,” mama alihesabu kwa vidole. “Nikasema panafaa. Akauliza mtu anaweza kuishi hivyo muda gani. Nikamjibu, mimi niliishi hivyo miaka kumi na saba. Akafurahi, akaandika.”

“Hukumwambia ilikuwa kambi ya wakimbizi?”

“Hakuuliza.” Akavuta kamba ya kengele ya kushukia. “Wala hakuuliza kwa nini niliondoka.”

Mimi, mwenye madumu sita ya maji ya akiba ya majanga chini ya kitanda, nilitazama dirishani.