Mwani Uliokauka Kabla Mamake Hajazaliwa

Saa tatu asubuhi, Bi Mwanakheri Jecha ananawa mikono kwa mara ya pili. Anaifuta kwa upindo wa kanga, kidole baada ya kidole, kisha anamwonyesha Anwar, mtunza maktaba, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Bado naona chumvi hapa," Anwar anamtania.

"Hiyo haitoki, mwanangu. Nimezaliwa nayo."

Anaruhusiwa kukaa. Maktaba yenyewe ni ndogo, iko mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja, na inatunza karatasi za wafanyabiashara na wataalamu wa zamani. Bi Mwanakheri, mwenye miaka hamsini na mbili, ni mkulima wa mwani wa Paje. Huja siku za maji mafu, bahari isipotoka vya kutosha wanawake kushuka shambani kwa miguu. Wenzake siku hizo husokota kamba na kusukana nywele.

Kilichomleta ni shida. Mwani mnene, unaonunuliwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya ule mwembamba, unamfia. Maji ya ufukweni yamepata moto. Matawi yanageuka meupe na kukatika kwenye kamba. Misimu mitatu mfululizo ameambulia kiganja.

"Nkasema, kabla sijang'oa vijiti vyangu vya kufungia kamba, nikawaulize waliotangulia."

Anwar anafunua jalada. Juu ya karatasi nene umelala mwani uliokaushwa kabla mamake Bi Mwanakheri hajazaliwa. Wekundu wake haujatoka. Vitawi, vyembamba kama nyuzi za hariri, vimetandazwa kila kimoja mahali pake. Hata chembe ya mchanga ipo.

"Subhanallah! Wameubandika kwa gundi gani?"

"Hakuna gundi, Bi Mwanakheri. Umejishika wenyewe, kwa ute wake."

Anaziba mdomo kwa kanga. Ute huohuo yeye huuchemsha nyumbani akatengenezea sabuni. Kumbe unaweza kushika umri wote huo!

Zipo na barua za biashara. Anwar anamsomea taratibu: mwani wa kujiotea ulichumwa pwani hizi ukasafirishwa Ulaya, zamani, kabla mtu hajapigilia kijiti. Halafu anasoma maneno machache yaliyoandikwa chini ya ule mwani uliokaushwa: umechumwa ukingoni mwa mwamba, penye kina, yanapopita maji ya baridi.

"Hebu rudia hapo."

Anwar anarudia. Bi Mwanakheri anaelewa: kamba zake zihamie penye maji ya baridi. Njia ameiona, lakini iko kwenye maji yanayomzidi kimo. Tangu usichana wake yumo baharini, na kuogelea hajui. Mwani wa wanawake ni wa kutembea. Maji ya kina wameachiwa wanaume.

Siku chache baadaye, Paje, amesimama maji yakimfika kifuani, na baibui lake la zamani linamvimba kama puto. Bintiye, Tahiya, anayemfundisha kuogelea, anamlaza chali, mkono mgongoni.

"Mama, usinikabe! Tutazama sote!"

"Basi usiniachie!"

"Nshakuachia zamani."

Kweli. Anaelea. Anatazama mbingu, macho yamemtoka, hathubutu hata kucheka.

Bamvua lijalo, bahari itakapotoka mbali, anataka kufunga kamba kumi nje ya mwamba, kwa mtumbwi wa shemeji yake. Bahari ya leo si ya wale wa zamani, anajua. Huenda mwani ukashika, huenda usishike.

"Mie sitaki kuogelea kama samaki," anasema, akikamua baibui ufukweni. "Nataka nizifikie kamba zangu, na nirudi."