Kiganja Cheupe kwenye Joho Jeusi

Pale kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina hilo hakulipata bure. Miaka kumi na tisa alisimama meza ya kwanza, iliyo karibu na dirisha, na nguo iliyopita mikononi mwake haikurudishwa na mteja hata mara moja. Meza ile aliipenda kuliko kitanda chake.

Sasa mwili ulimgeuka. Joto lilimpanda kifuani ghafla, jasho likamchuruzika mpaka kiunoni, moyo ukaenda mbio kama wa mwizi. Usingizi nao ulimpa mgongo. Binti yake, muuguzi, alimwambia, "Mama, ni hedhi inakoma tu. Ikikushika, tia mikono kwenye maji baridi. Si dawa, ila utatulia kidogo. Halafu mwambie msimamizi wako."

Maji aliyakubali. Kumwambia msimamizi, thubutu! Yule alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, na meza ya kwanza ilikuwa na watu wanaoimezea mate. Basi Mama Pasi akawa wa kwenda na kurudi: anapiga pasi mashati mawili, anachomoka, anazamisha mikono mpaka viwikoni kwenye pipa la kusuuzia, anarudi na uso wa mtu aliyetoka msalani.

"Tumbo linakusumbua, mwenzangu?" aliuliza mpiga pasi wa meza ya pili. "Leo umetoka mara saba."

"Shughulika na mashuka yako."

Alhamisi waliodeki sakafu waliyarudisha mapipa yakiwa yamebadilishana nafasi. Joto lilimkuta Mama Pasi katikati ya kupiga pasi joho la wakili, jeusi tii. Alikimbia, akafumba macho, akazamisha mikono, akasikia raha. Kisha akasikia viatu vya msimamizi. Alijifuta harakaharaka kwenye aproni, akarudi kulishika joho mgongoni aligeuze. Pipa lilikuwa la wanga wa kukazia mashuka, ule mwepesi usioonekana mpaka ukauke.

Kesho yake wakili alilirudisha joho. Alikuwa amesimama nalo mbele ya mahakama nzima, na mgongoni kiganja cheupe, vidole vyote vitano.

Msimamizi alilitandaza mezani. "Nani?"

Mama Pasi aliweka mkono wake juu ya alama. Ukaenea sawasawa. "Ni mimi. Hedhi inakoma, joto linanichoma, nikaenda kujipoza." Alisema mbele ya wote, dereva wa kupeleka nguo akiwemo.

Msimamizi hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma. "Mbona hukuniambia, mama? Ningekuwekea beseni chini ya meza." Akalikunja joho taratibu. "Sasa wakili anataka kuona nimechukua hatua."

Jumatatu alihamishiwa kwenye kusuuza. Maji aliyokuwa akiyaiba akapewa kutwa nzima. Joto bado humjia, likapoa, likamjia tena, naye mikono i pipani na macho yako dirishani.

Beseni liliwekwa kweli, chini ya meza ya kwanza. Aliyepewa meza ni yule wa meza ya pili, mwenye miaka arobaini na minane. Juzi Mama Pasi alimwona akiinama kuchovya mikono, mara mbili kabla ya chai, bila kujificha. Alimwonea wivu mpaka machozi yakamtoka.