Hedifoni Isiyo na Waya Msibani kwa Mzee Mwishehe

"Kaka Kasimiri, hivi kwa nini umerudi kwenye hedifoni ya waya?"

Noela aliuliza hivyo akiwa darasa la tano, na ndoo ya maji aliyotumwa nusu saa nyuma ikiwa bado mkononi. Kasimiri alikuwa akizungushia utepe wa gundi kwenye waya uliochubuka. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe, kisha akamwambia awahi nyumbani, maji yanapoa. Maji ya bombani hayo.

Banda lake la gemu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Mwishehe, Kiwalani: televisheni nne, mabenchi mawili, na feni iliyozunguka ikijisikia. Mzee alimpangisha kwa sharti moja. Ndege zinazopita juu ya paa zinatosha; yeye asiongeze kelele. Ndiyo maana kila mchezaji alivaa hedifoni. Mdogo wake mzee alikuwa akikitolea macho chumba kile afungue saluni, na alishatangaza kwamba kelele moja tu, Kasimiri atabeba televisheni zake kichwani.

Kuhusu hedifoni, Kasimiri alikuwa na mahubiri. Ya waya haiombi chaji na sauti haichelewi, ila hukatika shingoni, na mtoto akijikwaa anashuka na televisheni. Isiyo na waya inakupa uhuru, ila chaji ikiisha katikati ya vita unabaki umevaa ndoo. Alihubiri hivyo miezi mitatu bila kununua chochote, mpaka Mufaddal, mwenye duka la vifaa Kariakoo, alipochoka kumwona akishikashika maboksi.

"Kasimiri, ya waya ni ndoa, hii nyingine ni uchumba," alisema Mufaddal. "Chukua mojawapo, mie nifunge duka nikale."

Akachukua uchumba.

Wiki mbili baadaye Mzee Mwishehe akafariki, na bahati mbaya alifariki siku ya fainali. Timu ya Kasimiri ilikuwa ikipambana mtandaoni na vijana wa Buguruni kwenye gemu la vita, yeye akiwa kocha. Msiba ukiwa ndani ya nyumba, banda hufungwa. Hilo halihitaji kuandikwa ukutani. Lakini Kasimiri aliwaza kwamba hedifoni haipigi kelele, mlango unafungwa kwa ndani, nani atajua? Akawaacha vijana kwenye televisheni, yeye akavaa mzula wa sufi juu ya hedifoni, jua la saa saba, akaenda kuketi na wanaume kwenye mkeka uliotandikwa chini ya dirisha la banda. Mawimbi yalifika vizuri tu. Vijana walimsimulia masikioni kinachoendelea, naye akanong'ona maelekezo huku ameinamisha kichwa. Wazee wawili walimpa pole, wakidhani analia.

Jeneza likatolewa. Shehe akaanza dua. Masikioni mwa Kasimiri adui wa mwisho alikuwa amelala chini, na vijana, wajinga wale, wakaanza kushangilia.

"Hajafa huyo," Kasimiri akapaza sauti. "Anajifanya. Mpigeni ya kichwa!"

Shehe alikatiza dua katikati ya neno. Noela, aliyekuwa amesimama na mama yake karibu na mlango, aliona mdogo wa marehemu akiinuka taratibu huku akikunja mikono ya kanzu, na akaona saluni machoni mwake.

Ndipo sauti ya mjane, Bi Sikudhani, ikatoka ndani kwenye chumba cha wanawake, kavu, bila haraka.

"Mwacheni. Baba yake Mnyamwezi wa Urambo, huyo ni mtani wetu sisi Wazaramo. Mlitaka aje na maua?"

Kicheko kilichozuka pale kiliwatoa watu machozi ambayo msiba ulikuwa haujayatoa. Mzaramo hamfukuzi Mnyamwezi msibani. Ndiyo kazi yake kumkashifu maiti. Hata mdogo wa marehemu ikabidi acheke, na mikono ya kanzu ikashuka. Wakamtaka mtani adai haki yake ya utani. Kasimiri, ambaye Urambo hakuwahi kuiona hata kwenye ramani, akadai jogoo. Akapewa. Jogoo aliishi bandani, akinyea padi za kuchezea gemu.

Fainali walipigwa. Ila chumba kilibaki chake, na tangu hapo hakuna Mzaramo aliyezikwa kati ya Kiwalani na Buguruni bila Kasimiri kuitwa kumtukana. Akawa fundi kweli.

Mwaka huu Bi Sikudhani naye amekwenda. Watu walisubiri utani, lakini Kasimiri alifunga banda siku tatu na hakutania hata neno. Noela, sasa kidato cha tatu, alimkuta akisuuza masufuria uani, akamuuliza tena lile swali la ndoo.

Safari hii hakumwambia awahi nyumbani.

"Siku ile sikuwa natania, Noela, nilikuwa nacheza gemu. Na bibi alijua. Chumba chake na banda ukuta mmoja, alikuwa anawasikia wale vijana tangu asubuhi. Aliniokoa mie huku mumewe yuko kwenye jeneza, na hajawahi kunikumbusha. Kwa hiyo ya waya, mdogo wangu. Haifiki kwenye mkeka."